Kadi Inarudi Koponi

Kila Juni shule inapofunguliwa, mvua ikipiga mabati hadi mwalimu apaaze sauti, Madam Cording huingia darasani na kopo la biskuti kwapani. Ni lile kopo la bati la buluu ambalo kila nyumba ya mji ule inalo, na ambalo katika kila nyumba lina sindano na nyuzi, biskuti zenyewe zikiwa zimeliwa enzi za bibi. La Madam Cording lina kadi. Kila mwanafunzi huandika jina lake kwenye kadi moja, hubandika picha yake ndogo, na kadi huingia koponi. Wakati wa maswali Madam hulitikisa kopo, na ile sauti ya kadi zikigonga bati hutosha kumfanya mtoto wa darasa la kumi na moja akumbuke sala zote alizofundishwa.

Mwaka ule alikuwa na mkondo wa Bakawan. Hakupangiwa, aliuomba mwenyewe, na walimu wenzake wakamwona ana wazimu. Mikondo ya shule ile imepewa majina ya miti. Narra, mti wa mbao ngumu ya thamani, ndio mkondo wa kwanza, nao una feni mbili na chumba karibu na ofisi. Halafu unashuka, mti baada ya mti, mpaka Bakawan, yaani mikoko, mkondo wa mwisho, ambao chumba chake kimepakana na vyoo. Na kwa kuwa mikoko huchomwa mkaa, ofisini waliwaita Bakawan kuni. "Leo nina kipindi na kuni," alisema mtu mzima, msomi, huku anakoroga kahawa yake, na wenzake wakacheka. Watoto wa watu wanaitwa kuni, tena na wale wanaolipwa kuwafundisha! Madam Cording aliyasikia hayo miaka na miaka, na kila mara alikitua kikombe chake kwa kishindo, lakini nani anasikiliza kikombe?

"Haya, mnategemea nini katika somo la takwimu?" aliwauliza siku ile ya kwanza.

Akatikisa kopo, akachomoa kadi. "Kimboy Gabiota."

Kijana mrefu akainuka kutoka kiti cha nyuma, magoti yakigonga dawati. "Kufeli, Madam."

Darasa likaangua kicheko.

"Jibu zuri. Umeongea kama mtu mwenye uzoefu," Madam alisema, akaitupa kadi koponi.

"Madam! Mbona unairudisha? Mimi si nimeshajibu?"

"Kwangu mimi, anayetolewa anarudi. Kadi inarudi koponi. Unaweza kuitwa tena sasa hivi, unaweza usiitwe hadi Krismasi. Hiyo ndiyo bahati."

"Hiyo si bahati, Madam. Huo ni mkosi."

Akawaacha wacheke washibe. Kisha akawaambia, kama alivyowaambia wote waliotangulia, kitu cha kutegemea. Wasitegemee kukariri kanuni; kanuni zimo vitabuni na haziendi popote. Wategemee swali moja, kila siku, mpaka walichoke. "Mtu akikuletea wastani, akikwambia watu wengi wako hivi au vile, usikimbilie kumuuliza amepigaje hesabu. Muulize amemwacha nani nje."

Akataka kujua, kama angetaka kuuliza watu wachache kwa niaba ya mji mzima, awachague vipi kwa haki. Msichana mmoja wa mbele, Rhealyn Gedang, mwenye ulimi mkali kuliko umri wake, akanyoosha mkono. "Kwa herufi ya jina la ukoo, Madam. Chukua wote wa G."

Hapo hata Madam alicheka. Wahispania walipotawala visiwa hivi na kuwagawia watu majina ya ukoo, walikwenda mji kwa mji na herufi zao, na mji ule ukaangukiwa na G. Madam mwenyewe, Cording kwa kifupi, ni Concordia Garingalao. Mkuu wa shule ni Gumban. Ukimwondoa Mchina wa duka la misumari na daktari aliyeoa pale, mji mzima ni G, pamoja na mbwa wa kituo cha polisi, anayeitwa Gaspar.

"Umeona, Inday?" Madam alimwambia Rhealyn, kama wanavyoitwa wasichana wote kule, na wavulana Toto. "Njia inaweza kuwa na sura ya haki, kumbe imeshaamua nani abaki nje. Mwulize Mchina wetu."

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Siku ya wastani aliwauliza kila mmoja amekula bakuli ngapi za wali asubuhi. Kimboy alikuwa amekula nne, tena bila aibu. Wengine moja, wengine mbili, na wapo waliotazama dawati na kusema hawakuwa na njaa. Wakajumlisha, wakagawanya, ikatoka bakuli moja na nusu.

"Nani hapa amekula moja na nusu?" Madam akauliza.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Basi huyo ndiye wastani. Ni mtu asiyekuwemo humu ndani, lakini ofisi zote zinampikia yeye."

"Kimboy ndiye kala wali wake," Rhealyn akasema, na Kimboy akapiga saluti. Kesho yake, na kila siku baada ya hapo, Madam alikuja na mfuko wa mikate midogo ya asubuhi, akauweka dirishani na kusema amenunua kwa bahati mbaya. Watoto hawakumuuliza hiyo bahati mbaya inampataje kila asubuhi.

Mkuu wa shule, Bwana Wilfredo Gumban, hakuzaliwa mbaya. Alikuwa na ugonjwa wa mabango tu. Shule ikishinda mpira, bango. Mwalimu akistaafu, bango. Na katika kila bango uso wake ulikuwa mkubwa kuliko jambo lenyewe. Lango la shule lilijaa nyuso zake hata mgeni angedhani anagombea ubunge. Mwaka ule alikuwa ameshachapisha bango jingine, akalificha nyuma ya kabati ofisini: hongera kwa shule ya kwanza wilayani. Mtihani wenyewe wa wilaya ulikuwa haujafanywa.

Wiki moja kabla ya mtihani alimwita Madam Cording.

"Kaa, Madam, kaa. Umekula?"

"Nimekula, Mkuu."

"Kula tena." Akamsogezea sahani ya biskuti. "Wewe ndiye mwenye somo, kwa hiyo nisaidie hesabu ndogo tu. Mwaka jana tulikosa nafasi ya kwanza kwa nukta. Nukta, Madam! Sikulala. Sasa niambie: mkondo mmoja usipokuwepo siku ya mtihani, wastani wetu unapanda?"

"Inategemea mkondo gani."

"Ah, usijifanye hujui."

"Najua sana. Nataka uutaje kwa mdomo wako."

Mkuu akacheka, akaegemea kiti. "Bakawan wakapande bakawan!" Ilionekana maneno hayo alikuwa ameyapanga tangu asubuhi na yalimfurahisha kila alipoyakumbuka. "Diwani ametoa miche ya mikoko, ametoa na chakula. Kuku wa kuchoma, Madam, si mchezo. Watoto watashinda ufukweni, watapiga picha, watakula. Nani hapo ameumia?"

"Na wilayani utawaambia nini?"

"Hayo niachie. Hakuna atakayeandika jibu la uongo, hakuna atakayebadilishiwa alama. Ni wachache hawatakuwepo, basi. Kwani wewe si ndiye unayewafundisha kuchagua watu wachache badala ya wote?"

Madam Cording alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Maisha yake yote ya ualimu amewafundisha watoto kuchagua kwa macho yaliyofumbwa, na huyu hapa anamrudishia somo lake mwenyewe limegeuzwa ndani nje.

"Mimi nafundisha kuchagua bila kutazama sura ya mtu, Mkuu. Wewe umetazama kwanza."

"Madam." Sauti ikashuka. "Barua yako ya kupanda daraja ipo hapa mezani, inangoja saini yangu. Mambo yakiharibika, kalamu inaweza kunipotea."

Alitoka na biskuti mkononi, hata hajui ameichukua saa ngapi. Daraja lile alilingoja tangu nywele zake zikiwa bado nyeusi. Alikuwa na mama mgonjwa nyumbani, nguruwe watatu uani na nyimbo za kwaya Jumapili, na zaidi ya hapo hakuwa na jambo jingine la kujivunia duniani ila kazi yake. Ile biskuti akampa Gaspar, mbwa wa polisi, aliyemkuta langoni.

Habari zilifika darasani kabla yake. Alipofungua mlango, Kimboy alikuwa amesimama juu ya dawati anacheza.

"Madam, tumechaguliwa! Shule nzima, sisi tu!"

"Shuka hapo, Toto, utavunjika."

"Ijumaa tunakwenda ufukweni, kuna kuku. Narra wanabaki wanafanya mtihani, maskini! Nawahurumia hata!"

Wakashangilia. Mmoja akasema atakuja na gitaa, mwingine akasema mama yake ataandaa vitafunio vya ndizi vya kuwapelekea walimu, kama shukrani. Shukrani! Watoto wale hawakuwahi kuchaguliwa kwa kitu chochote, hata kubeba bendera Jumatatu asubuhi, na sasa nyuso zao ziling'aa hivi kwamba Madam alilazimika kugeukia ubao.

"Mbona kimya, Madam?" Rhealyn akauliza.

"Kichwa kinaniuma."

Huo ulikuwa uongo, na Rhealyn aliujua. Kipindi kile kopo halikutikiswa.

Jioni alipita sokoni kwa kaka yake. Manong Isidro, Manong ikiwa ni heshima ya kaka mkubwa, anauza batchoy, ile supu ya tambi na maini, katika kibanda cha pembeni karibu na wauza samaki wakavu. Amemzidi Madam mwaka mmoja, lakini alirudishwa darasa wakiwa wadogo, kwa hiyo walimaliza shule ya msingi pamoja, yeye mkondo wa mwisho na dada yake mkondo wa kwanza. Alimwekea bakuli kabla hajakaa.

"Sura yako imekunjamana. Nani kakukanyaga?"

"Manong, unakumbuka siku ya mtihani wa darasa la sita? Mlipofyeka nyasi?"

"Nitaisahauje! Siku tamu ile." Alikuwa anakata maini, kisu kinatembea chenyewe. "Walitupa mkate na sharubati. Nilikuona dirishani umeinamia karatasi, nikakupungia panga."

"Nilikuona."

"Hukunipungia."

"Nilikuwa kwenye mtihani."

"Najua. Nilikuhurumia. Nikasema, maskini Inday wangu, amefungiwa ndani na jua lote hili." Akasogeza maini pembeni kwa ubapa wa kisu. "Miaka mingi baadaye, nishaoa, nina watoto, nipo hapa hapa nakata maini, ikanijia tu. Nikasema, ala! Kumbe tulifichwa."

Madam Cording akasogeza bakuli pembeni.

"Ulikasirika?"

"Nimkasirikie nani? Mwalimu mwenyewe alishazikwa." Mteja akaja, Manong akamhudumia, akarudi. "Nyasi si kitu, Inday. Nyasi nilizifyeka maisha yangu yote. Kinachoniuma ni kwamba nilimshukuru. Jioni tulipomaliza nilimwendea mwalimu, nikachukua mkono wake, nikauweka kwenye paji la uso wangu kama mtoto mwenye adabu. Nikamwambia, asante kwa kunichagua."

Akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kibovu. Madam alilipa supu ambayo hakuinywa, na kaka yake akakataa, wakasukumiana kama kawaida yao mpaka mmoja akachoka.

Kesho yake aliingia darasani akaweka kopo juu ya meza kwa kishindo. Akatikisa. Akaita jina, akauliza swali jepesi la marudio. Aliyeitwa akakosa. Badala ya kuirudisha kadi, Madam akaidondosha kwenye kapu la takataka.

"Madam!" darasa zima likasema.

"Endeleeni." Akachomoa nyingine. Aliyepata, kadi ilirudi koponi. Aliyekosa, kapuni. Kimboy aliitwa mapema, akajibu upuuzi, kadi yake ikaenda na picha yake, na yeye akashangilia kwa mikono miwili kwamba ameokoka. Kadi kapuni ziliongezeka, koponi zikapungua, na kila waliobaki walipoitwa tena walijibu sawasawa, kwa sababu waliobaki walikuwa ndio wanaojua.

"Haya. Piga wastani wa kopo hili," Madam alisema. "Rhealyn?"

"Kila mmoja amepata." Rhealyn hakuwa anamtazama Madam. Alikuwa anatazama kapu. "Ni mia kwa mia."

"Bakawan ni mkondo wenye akili sana, au sivyo? Kuliko Narra. Tutengeneze bango."

Baadhi wakacheka. Kimboy naye alianza kucheka, kicheko chake kile cha kutikisa mabega, kisha kikamwishia katikati. Akainuka, akaja mbele, akainama kwenye kapu, akaitoa kadi yake katikati ya maganda ya ndizi na kuifuta kwa shati.

"Madam," akasema, "Ijumaa..."

Madam Cording angetoa daraja lake, na kopo, na meno yake, asiuone uso ule ukibadilika vile. Tangu jana mtoto alikuwa na furaha, na yeye, mwalimu wake, ndiye aliyemvua furaha hiyo. Alichukia sana kwamba kazi ile imeangukia mikono yake, na wale walioipika wako ofisini wanakunywa kahawa.

"Kwa hiyo kapu ni ufukweni," Rhealyn alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Wametutupa na kuku juu yake, ili tusipige kelele."

"Mimi sijawaambia mfanye nini," Madam alisema. "Nimewafundisha somo tu. Mengine ni yenu."

Wakabishana. Mmoja akasema wagome. Mwingine akasema ukigoma unapoteza kuku na mtihani vyote viwili. Kimboy alikuwa amekaa sakafuni na kadi yake, hasemi, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mwishowe akainua kichwa.

"Mikoko inapandwa maji yakikupwa. Baba yangu anasema Ijumaa maji yanakupwa alfajiri, na jua likipanda yanajaa, huwezi kupanda hata ukitaka." Akawatazama mmoja mmoja. "Wao hawajui, wanaishi mjini juu. Tunapanda mapema, tunamaliza. Halafu tunakwenda wapi? Tunarudi shule. Si tumetii?"

Rhealyn alimtazama kama vile anamwona kwa mara ya kwanza. "Kimboy, kumbe wali wote ule unakwenda mahali."

Ijumaa asubuhi, katika uwanja wenye paa, mikondo yote mingine ilikuwa imekaa kwa mistari, kalamu juu ya meza. Mkaguzi kutoka wilayani, mama mfupi mwenye miwani, Bi. Salvacion, alikuwa anafungua bahasha. Mkuu wa shule amesimama kando yake na shati lake la sherehe. Ndipo wakaingia langoni, Bakawan wote, tope mpaka magotini, ndala mikononi, wamepanga mstari mmoja ulionyooka kuliko hata wa Narra.

"Na hawa ni nani?" mkaguzi akauliza.

"Hao ni... wale wa kupanda miti," alisema Mkuu.

"Bakawan, Madam," Kimboy akamwambia mkaguzi. "Darasa la kumi na moja. Tumemaliza kupanda, maji yakatufukuza."

Mkaguzi akapekua bahasha zake, akatoa moja iliyofungwa kwa gundi. "Bakawan? Mimi niliambiwa Bakawan wote wana ugonjwa wa macho mekundu. Wa kuambukiza. Karatasi zao nimezifunga nizirudishe."

Madam Cording, aliyekuwa amesimama mwisho wa mistari, alimtazama Mkuu wake. Kuwaficha hakukutosha, alikuwa amewapa ugonjwa watoto wa watu, mmoja mmoja, kwa mdomo wake, ili mtu asiulize. Kimboy akaenda mpaka kwa mkaguzi, akainama kwa sababu ya urefu wake, akajifungua macho kwa vidole vyenye tope.

"Angalia, Madam. Meupe kama wali. Au tulipona njiani?"

Narra ndio walioanza kucheka. Mkaguzi hakucheka. Alimtazama Mkuu kwa muda mrefu, kisha akaichana ile bahasha.

"Wakae," akasema. "Mahali popote. Hata chini."

Wakakaa chini, kwa kuwa viti vilikuwa vimehesabiwa bila wao. Mkuu akapita karibu na Madam Cording, midomo haifunguki vizuri. "Hii ni kazi yako."

"Ni kazi yangu, Mkuu. Ndiyo ninayolipwa."

Matokeo yalipokuja, shule ilikuwa imeshuka. Usitegemee kingine, mtoto aliyefundishwa kando ya choo na kuitwa kuni haamki siku moja akawa wa kwanza kwa sababu tu ameonewa. Rhealyn aliwapita Narra kadhaa, nao hawakumsemesha wiki nzima. Wengi wa Bakawan walifeli. Bango likatupwa nyuma ya jiko la shule. Barua ya Madam Cording haikutiwa saini, kalamu ikiwa imepotea kama ilivyoahidiwa, na ofisini watu wakaacha kumwuliza kama amekula, ile salamu yao ya kila siku.

Kimboy alipata arobaini na moja. Alikuja na karatasi yake mezani kwa Madam.

"Madam, ni mimi niliyeishusha shule?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kokotoa mwenyewe. Umefundishwa."

Akakaa chini, akaandika, akafuta, akauliza idadi ya wanafunzi wote, akaandika tena. Kisha akainua uso, amekasirika kweli kweli, kwa mara ya kwanza tangu Madam amfahamu.

"Kidogo hivi tu? Hata haionekani!" Akaipiga karatasi kwa kiganja. "Na huyu ndiye mtu waliyekuwa wanamwogopa?"

Mvua za Juni ziliporudi, Madam Cording alipita sokoni na kopo lake kwapani. Kibanda cha kaka yake kilikuwa na paa jipya. Lilikuwa lile bango la hongera. Manong Isidro alikuwa ameliokota, kwa kuwa plastiki nzuri namna ile haiachwi ioze, akalifunga kichwa chini, na uso mkubwa wa Mkuu ukawa unawatabasamia wateja ndani ya supu zao.

"Halivuji," kaka yake akasema. "Nimpe pongezi zake."

Madam alicheka mpaka akashika mbavu, na ilikuwa muda mrefu hajacheka hivyo. Akamsimulia habari zote kwa mara nyingine, tope, macho mekundu, arobaini na moja ya Kimboy. Manong alisikiliza huku anakata vitunguu. Alikuwa ameshazisikia, lakini aliuliza tena.

"Kwa hiyo walifeli."

"Wengi."

"Lakini wamo?"

"Wamo, Manong. Wote."

Manong akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukata. Mvua ilipiga uso wa Mkuu juu yao. Akamwekea dada yake bakuli, akaongeza yai, akalifuta ukingo kwa kitambaa, akalifuta tena ingawa lilikuwa safi.

"Inday," akasema, macho hayako kwake, "siku ile mimi ningepata ngapi?"

Madam Cording alishika kijiko. Alijua kukadiria mavuno, na mvua, na kura za mji mzima kutoka kwa watu wachache. Hasira iliyomjia ilikuwa ya zamani kuliko kopo lile, na hakuwa na pa kuipeleka, kwa kuwa aliyestahili kuipokea alishazikwa.

"Sijui, Manong."

"Kadiria tu. Wewe si mwalimu wa takwimu?"

Akaweka kijiko chini. Kaka yake alikuwa amesimama na kisu mkononi, mzee wa mvi, anangoja alama yake.